Dakika za Mwisho Kwenye Pipa: Namna ya Kulinda Uimara wa Kidonge Unapochanganya Viungo na Kilainishi

Kidonge kinachomeguka ndani ya pakiti kabla hakijamfikia mgonjwa mara nyingi hakikuharibikia kwenye mashine ya kufyatulia. Kiliharibika mapema zaidi, kwenye chombo cha kuchanganyia unga, katika zile dakika chache za mwisho ambazo wengi wetu huzipitisha tukizungumza mambo mengine. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa famasia na mafundi wa maabara wa huku Mtwara na Lindi wanaojifunza kufyatua vidonge kwa mashine ndogo ya mkono, ili wajionee wenyewe kwamba muda wa kuchanganya kilainishi, yaani unga unaokizuia kidonge kung'ang'ania mashine, ni sehemu ya fomula sawasawa na uzito wa dawa yenyewe, na kwamba anayeandika gramu bila kuandika dakika ameandika nusu ya fomula.

Zoezi ninaloeleza hapa linatumia vidonge visivyo na dawa ndani yake. Vidonge vya kumpa mtu havitengenezwi katika maabara ya kufundishia. Hivyo vinahitaji kiwanda kilichokaguliwa na dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vyote utakavyofyatua katika zoezi hili vinavunjwa, vinapimwa, kisha vinateketezwa kwa utaratibu wa maabara yako. Vaa barakoa pia, kwa sababu unga huu ni mwepesi na hupeperuka.

Unga unashikana vipi

Unapofinya unga ndani ya kalibu, ambayo mafundi wengi huiita dai, chembe kwanza husogeleana na kujaza nafasi zilizo wazi. Zikikosa pa kwenda, mchi, yaani ile fimbo ya chuma inayoubana unga, ukiendelea kushuka, kila aina ya chembe hufanya lililo katika maumbile yake. Zipo zinazobonyea na kutandazika kama udongo wa mfinyanzi unaobanwa kiganjani, na kwa kutandazika huko nyuso zao zinagusana kwa eneo kubwa na kushikana. Selulosi ya mikrokristali ni ya kundi hili, na wanga wa muhogo au wa mahindi unakaribiana nayo, ingawa wanga una tabia ya kujinyoosha tena kidogo mchi unapoondoka. Zipo nyingine ambazo hazibonyei bali hupasuka, kama kipande cha jiwe la matumbawe kinavyopasuka chini ya nyundo, na kila zinapopasuka huzaa nyuso mpya ambazo hazijaguswa na kitu chochote. Dikalsiamu fosfati, kijazo cha madini, ni ya kundi hili, na laktosi nayo kwa sehemu kubwa hupasuka. Kundi la tatu ni la chembe zinazokaza msuli: ukizibana zinabanika, ukiziachia zinarudi zilivyokuwa, na hapo ndipo kidonge hukatika kofia, yaani tabaka lake la juu hubanduka, kinapotoka kwenye kalibu. Parasetamoli, dawa ambayo kila nyumba inaifahamu, ina sifa mbaya katika jambo hili, na ndiyo maana haifyatuliwi hivihivi bila kusaidiwa na viungo vingine.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba kufinya unga ni ufundi wa kale kuliko viungo tunavyovitumia leo. William Brockedon alipata hataza ya kufyatua vidonge kwa shinikizo nchini Uingereza mwaka 1843, lakini selulosi ya mikrokristali, ambayo sasa ni mhimili wa vidonge vingi vinavyofyatuliwa moja kwa moja bila kulowanishwa, iligunduliwa Marekani mwaka 1955 na watafiti Battista na Smith. Kabla ya hapo mtengenezaji alitegemea zaidi uji wa wanga, sukari, gundi za miti na mkono wenye uzoefu.

Kilainishi kinafanya nini

Unga mtupu ukifinywa unashika kuta za kalibu. Mchi wa chini unapokisukuma kidonge kitoke, utasikia mlio mkali wa kukwaruza, na ukikishika kidonge ukakigeuza kwenye mwanga, utaona mistari ya wima ubavuni, kama mikwaruzo ya kucha. Ukiendelea hivyo mashine itakwama, au uso wa kidonge utabaki umeganda kwenye mchi. Kwa hiyo tunatia kilainishi, na kinachotumika zaidi duniani ni magnesiamu stearati, unga mweupe laini sana unaoteleza kati ya vidole kana kwamba una mafuta. Kiasi chake cha kawaida ni kati ya asilimia 0.25 na 1 ya uzito wote, ingawa zipo fomula zinazofika hadi asilimia 5.

Chembe za stearati zina umbo la vibamba vyembamba vilivyolaliana, na vibamba hivyo huteleza kimoja juu ya kingine kwa msukumo mdogo. Kadiri unavyochanganya, vinabanduka na kupakaa juu ya chembe za viungo vingine, mpaka kila chembe inakuwa imevaa utando. Utando huo unasaidia kidonge kutoka kwenye kalibu, lakini huohuo unazuia chembe zisishikane. Aliyewahi kupika chapati analijua jambo hili kwa mikono yake: unapaka mafuta juu ya donge lililosukumwa, unalikunja, unalisukuma tena, na chapati ikiiva inaachana tabaka kwa tabaka kwa sababu penye mafuta unga haukushikana. Kwenye chapati tunataka hivyo. Kwenye kidonge hatutaki, na tofauti kati ya kilainishi kilichotosha na kilichozidi inaweza kuwa ni dakika kumi tu za kuzungusha pipa, bila kuongeza hata chembe moja ya stearati.

Sasa unganisha jambo hili na yale makundi ya chembe, kwa sababu hapo ndipo kiini cha somo kilipo. Chembe inayobonyea haipasuki, kwa hiyo utando iliouvaa nje inabaki nao hadi mwisho, na inapotandazika inakutana na jirani yake aliyevaa utando vilevile. Ndiyo maana selulosi na wanga hudhoofika sana kilainishi kinapochanganywa kupita kiasi. Chembe inayopasuka, kwa upande wake, inaufungua utando: nyuso mpya zinazozaliwa ndani ya kalibu hazina stearati, zinakutana zikiwa safi, na kidonge cha dikalsiamu fosfati hubaki na uimara wake karibu wote hata ukizungusha pipa muda mrefu. Mtu asiyejua tofauti hii atakuwa na fomula mbili zenye kilainishi sawa, moja ikimtii na nyingine ikimsumbua, na ataishia kuilaumu mashine.

Niliwahi kushuhudia lawama ya namna hiyo. Katika mafunzo fulani ya vitendo, kundi moja la wanafunzi lilitia stearati kwenye mchanganyiko uliokuwa na selulosi nyingi, likaacha kichanganyio kinazunguka, likaenda kula. Waliporudi karibu saa nzima ilikuwa imepita. Vidonge vya kwanza vilitoka vikiwa na mng'ao mzuri wa kuvutia, lakini mwanafunzi mmoja alikibonyeza kimoja kwa dole gumba na kidole cha shahada kikavunjika bila hata sauti, kikabaki unga kiganjani mwake. "Mwalimu, tuongeze shinikizo," alisema, na nikawaruhusu waongeze ili waone. Uimara ulipanda kidogo, kisha vidonge vikaanza kukatika kofia. Tulichanganya unga mpya wa fomula ileile, tukautia stearati na kuuzungusha dakika 3 tu, na kwa shinikizo la mwanzo vidonge vikatoka vigumu. Ule unga wa kwanza ulitupwa, kwa maana utando ukishapakaa hakuna namna ya kuuvua.

Zoezi la kujionea

Utahitaji mizani inayosoma hadi miligramu 1, mtungi wa plastiki wenye kifuniko wa lita 3, chekecheke yenye matundu ya mikroni 250, mashine ya kufyatua yenye kalibu ya duara ya milimita 10 na michi yenye uso bapa, kipima unene, na kifaa cha kuvunjia vidonge kinachosoma nguvu kwa nyutoni. Uso bapa wa michi ni muhimu kwa hesabu itakayofuata. Kidonge chenye mgongo wa kobe kinahitaji hesabu nyingine.

Andaa mchanganyiko wa aina tatu: wa kwanza selulosi ya mikrokristali peke yake, wa pili dikalsiamu fosfati peke yake, wa tatu selulosi na fosfati nusu kwa nusu kwa uzito. Hapa wengi hukosea kwa kupima uzito sawa wa kila mchanganyiko. Fosfati ni nzito na selulosi ni nyepesi mno, kwa hiyo gramu 500 za selulosi zitajaza nusu ya mtungi wakati gramu 500 za fosfati zitalala chini tu, na unga uliolala chini hauanguki wala haujisugui sawa na unga uliojaa nusu. Jaza mtungi nusu kwa kila aina, upime uzito wake, kisha kokotoa stearati ya asilimia 1. Kama unga ni gramu 495, stearati ni gramu 5.

Mchanganyiko wa tatu uuchanganye kwanza bila stearati kwa dakika 15 mpaka viungo viwiane. Usiitie stearati mapema, hata kama unaona unaokoa muda. Kilainishi huingia mwisho siku zote, baada ya kila kitu kingine kuwa kimetulia mahali pake.

Kabla ya kukitia, fyatua vidonge vya kulinganishia kutoka kwenye kila unga usio na kilainishi. Kwa kuwa unga mtupu utagoma kutoka, chovya pamba kwenye spiriti iliyochanganywa na stearati kidogo, ipanguse ndani ya kalibu na kwenye nyuso za michi, acha ikauke, ndipo ufyatue. Rudia kwa kila kidonge. Kwa njia hiyo kuta zimelainishwa lakini unga wenyewe haujaguswa, na vidonge hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha uimara halisi wa kiungo.

Sasa chekecha stearati, kwa maana hushikana mabonge ikikaa kwenye kopo, hasa kipindi cha mvua. Chota unga wako kiasi kinacholingana kwa ujazo na stearati hiyo, uvichanganye taratibu kwenye mfuko, ndipo uvirudishe vyote mtungini. Funga kifuniko na ugeuze mtungi kichwa chini miguu juu kwa mwendo wa mizunguko 25 kwa dakika. Hesabu mizunguko kwa sauti au weka mtu wa kuhesabu. Simama kwenye dakika ya 2, ya 5, ya 10, ya 20 na ya 40, na kila unaposimama chota unga wa kutosha vidonge 20 vya miligramu 400, kutoka sehemu tatu tofauti za mtungi. Kwa kila mchanganyiko hizo ni gramu 8, ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu. Fyatua vyote kwa shinikizo lilelile na kasi ileile ya mkono. Kasi nayo ina neno lake: selulosi na wanga hupenda kubanwa polepole, na anayeshusha mpini kwa haraka atapata kidonge dhaifu akadhani ni kosa la kilainishi.

Weka vidonge kwenye chupa zilizofungwa vizuri, uandike lebo, uviache saa 24 kabla ya kuvivunja, kwa sababu kidonge kilichotoka sasa hivi kwenye kalibu bado kinajinyoosha.

Unapofyatua, usiangalie namba peke yake. Sikiliza mlio wa kidonge kinapotoka kwenye dakika ya 2 na ule wa dakika ya 40. Angalia ubavu wake, na angalia jinsi unga unavyokaa: unga uliochanganywa muda mrefu hulala kwa ujazo mdogo zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu chembe zinateleza na kupangana. Kisha chukua bilauri mbili za maji, nyunyiza nusu kijiko cha unga wa dakika ya 2 kwenye moja na wa dakika ya 40 kwenye nyingine. Stearati haipendi maji. Unga wa dakika 40 utakawia zaidi kulowana kabla ya kuzama, na kukawia huko ni onyo la kile kitakachotokea tumboni kwa mgonjwa, ambako kidonge kinatakiwa kufumuka kwa wakati.

Kuzisoma namba

Pima unene wa kila kidonge kabla ya kukivunja, kisha vunja 10 kutoka kila kundi. Nguvu ya kuvunja haitoshi kwa kulinganisha, kwa kuwa kidonge cha fosfati chenye miligramu 400 ni chembamba kuliko cha selulosi chenye uzito huohuo. Tumia uimara wa mvuto (tensile strength), yaani nguvu ya kuvunja ikilinganishwa na ukubwa wa kidonge, kwa kanuni ambayo watafiti Fell na Newton waliieneza katika famasia mwaka 1970: zidisha nguvu ya kuvunja kwa 2, kisha gawanya kwa zao la 3.14, kipenyo na unene, vyote kwa milimita. Jibu litakuwa kwa megapaskali.

Tuseme vidonge viwili vyote vimevunjika kwa nyutoni 80, vyote vina kipenyo cha milimita 10, lakini kimoja kina unene wa milimita 4 na kingine milimita 3. Cha kwanza kina 160 gawanya kwa 125.6, yaani megapaskali 1.27. Cha pili kina 160 gawanya kwa 94.2, yaani megapaskali 1.70. Kwenye kifaa cha kuvunjia walionekana ndugu pacha, kumbe mmoja ana nguvu kumzidi mwenzake kwa theluthi nzima. Watengenezaji wengi huichukua megapaskali 1.7 kuwa kiwango kizuri kwa kidonge kitakachovumilia kupakwa rangi, kufungwa na kusafirishwa. Kwa makundi madogo yanayoshikwa kwa uangalifu, 1 inaweza kukubalika.

Chora mchoro wa uimara dhidi ya dakika kwa kila mchanganyiko. Mstari wa selulosi utateremka, kwa kawaida kwa haraka mwanzoni na kisha taratibu, wakati chembe karibu zote zimeshavaa utando. Mstari wa fosfati utakaribia kulala. Mstari wa nusu kwa nusu ndio wenye mafunzo mengi zaidi, na ninakusihi uutazame kwa makini. Usitegemee ukae katikati kabisa ya hiyo miwili kana kwamba ni hesabu ya wastani. Uimara wa mchanganyiko haufuati wastani wa uzito kwa lazima. Unategemea ni nani anayemshika nani. Chembe ya fosfati inapopasuka katikati ya selulosi iliyotandazika, inaweza kuikata ile selulosi na kuifungulia utando, na ndiyo sababu mtengenezaji mwenye selulosi inayomsumbua huongeza sehemu ya kiungo kinachopasuka badala ya kupunguza kilainishi mpaka mashine ikwame. Wakati mwingine, viungo visivyopatana vikikaribiana, mchanganyiko huwa dhaifu kuliko hesabu ilivyotarajia. Jibu linatoka kwenye vidonge vyako, si kwenye karatasi.

Usiishie kwenye kuvunja. Vidonge vilivyobaki vipime kwa ngoma ya kumegua: mizunguko 100 kwa kasi ya 25 kwa dakika, na upotevu wa uzito usizidi asilimia 1. Kwa vidonge vyenye uzito wa miligramu 650 au chini ya hapo, tumia idadi inayokaribia jumla ya gramu 6.5; kwa hivi vya miligramu 400 ni vidonge 16 au 17. Kwa hiyo, kama una kifaa hiki, fyatua 30 badala ya 20. Utaona mara nyingine kwamba kidonge chenye uimara wa kuridhisha bado kinapukutika kingo, na hilo ni tatizo jingine: unga wa kingo haukubanwa vizuri, au unyevu umepungua mno.

Unapoweka dawa ndani ya hesabu

Mbinu hizi zote zinaonekana rahisi mpaka dawa yenyewe inapokuwa ndiyo sehemu kubwa ya kidonge. Kidonge cha dawa ya miligramu 5 kina nafasi tele ya selulosi na laktosi, na tabia yake itafuata tabia ya vijazo. Kidonge cha parasetamoli ya miligramu 500 hakina nafasi hiyo, kwa kuwa mtu hawezi kumeza kidonge kikubwa kama korosho tatu. Hapo viungo vya kushikiza ni vichache, na kila kimoja kina thamani kubwa, na utando wa stearati unaowafunika hao wachache unaiangusha fomula nzima. Ndiyo sababu dawa za aina hii aghalabu hulowanishwa kwanza kwa uji wa wanga au povidoni, zikafanywa chembechembe, zikakaushwa, ndipo zikatiwa kilainishi.

Chembechembe zina faida na hatari yake. Kwa kuwa ni kubwa, eneo la nje la kupakwa ni dogo, hivyo stearati kidogo inatosha, lakini pia inazidi mapema. Chembechembe zinazovunjika ndani ya kalibu hufungua nyuso safi na kukuokoa. Zile ngumu kama changarawe, zilizokaushwa kupita kiasi, hazivunjiki. Zinabaki na utando wake, na kidonge kinakuwa mkusanyiko wa vijiwe vilivyokaribiana tu.

Kuhusu wanga wa muhogo, ambao huku kusini tuna kila sababu ya kuufikiria, ninasema kwa msisitizo: wanga ni kitu kimoja na unga wa makopa ni kitu kingine. Wanga wa famasia umeoshwa ukaondolewa nyuzi na uchafu, na unapimwa unyevu na vimelea. Unga wa makopa ni chakula kizuri, lakini una nyuzi, vumbi, na tofauti kubwa kati ya gunia na gunia. Wanga uliosafishwa hufanya kazi mbili: ukipikwa uji wa asilimia 5 hadi 10 unashikiza chembechembe, na ukitiwa mkavu unakisaidia kidonge kufumuka kwenye maji. Kazi hii ya pili huharibiwa sana na stearati iliyozidi, kwa sababu maji yanashindwa kupenya hadi kwenye wanga. Kifumuaji chenye nguvu zaidi kama sodiamu stachi glaikoleti kinavumilia vizuri zaidi. Pima kufumuka kwenye maji ya nyuzijoto 37. Kidonge kisichopakwa rangi kinatakiwa kiwe kimefumuka ndani ya dakika 15. Inawezekana kabisa kupata kidonge dhaifu ambacho pia hakifumuki upesi, jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka, kwa maana wamezoea kufikiri kwamba kilicho laini huyeyuka haraka. Utando mmoja umefanya maovu yote mawili.

Kama umepunguza muda na kiasi na bado uimara haukuridhishi, zipo njia nyingine. Silika laini ikitangulia, kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.5, inautawanya unga vizuri na hupunguza kasi ya stearati kupakaa juu ya chembe. Sodiamu stearili fumarati, kwa asilimia 0.5 hadi 2, inalainisha bila kudhoofisha kwa kiasi kilekile na haiudhi sana maji, ila bei yake iko juu. Asidi ya steariki inafaa pale ambapo stearati ya magnesiamu inagombana na dawa yenyewe, na mfano unaojulikana ni aspirini, ambayo huharibika upesi zaidi ikikaa na stearati hiyo. Talki inasaidia unga kutiririka, lakini kwa kulainisha haiifikii stearati.

Hewa ya pwani

Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya maabara ya nchi kavu yenye kiyoyozi hautakutosha Mikindani mwezi wa Februari. Selulosi hunywa unyevu wa hewani. Unyevu wake wa kawaida ni asilimia 3 hadi 5, na vitabu vya viwango vya dawa havikubali uzidi asilimia 7. Kiasi kidogo cha maji huilegeza chembe na kuisaidia kubonyea, kwa hiyo selulosi iliyokaushwa mno hufyatua vidonge dhaifu. Maji yakizidi, yanatanda kati ya nyuso na kuzitenganisha, na kidonge kinakuwa laini kama kipande cha mkate uliolala nje. Wanga una unyevu mwingi zaidi, kati ya asilimia 10 na 14, na unabadilika na msimu.

Kwa hiyo, katika zoezi lako, fungua makopo asubuhi wakati unapima na uyafunge mara moja. Andika joto na unyevu wa hewa wa chumba kila siku ya kazi. Ukifanya sehemu ya kwanza wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu, na sehemu ya pili wakati wa masika, usizilinganishe namba hizo kana kwamba ni za siku moja. Vidonge ulivyohifadhi navyo, vipime tena baada ya mwezi mmoja, vingine vikiwa vimefungwa na vingine vikiwa wazi kwenye sahani, ili uone ni kiasi gani cha uimara kinaondoka na hewa tu.

Kutoka mtungi kwenda pipa

Umepata muda wako. Tuseme kwa fomula yako dakika 3 za mtungi wa lita 3 zinatosha kuondoa mlio wa kukwaruza bila kuuangusha uimara. Usizipeleke dakika hizo 3 kwenye pipa kubwa la kiwanda ukadhani umemaliza. Ndani ya pipa kubwa unga unaanguka kutoka juu zaidi na unasuguana kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unapaka utando zaidi ya mzunguko mmoja wa mtungi. Andika mizunguko badala ya dakika, andika ujazo wa pipa na sehemu iliyojaa, kisha anza na mizunguko michache kuliko ile ya mtungi na uchote sampuli kadiri unavyopanda. Kumbuka pia kwamba safari ya kuchanganya haiishi pipa linaposimama: mashine nyingi za kufyatua zina pangaboi ndani ya kilishio linalousukuma unga kuelekea kwenye kalibu, na unga uliosubiri humo muda mrefu mashine ikiwa inatengenezwa unaendelea kupakwa. Mashine ikisimama zaidi ya dakika chache, toa unga uliomo kwenye kilishio, uuweke pembeni na lebo yake, na vidonge 20 vya kwanza baada ya kuwasha tena vipimwe peke yake kabla havijachanganywa na vingine.